Deni bila karatasi: maneno kwa wanafunzi, wazazi na mashomeri wenzangu

(Maneno haya yalisomwa na mwenzetu mmoja mbele ya wanafunzi na wazazi, hapa Butembo. Wengi waliomba kuyapata kwa maandishi, njo maana tunayaweka hapa.)



Waliponiomba niongee juu ya madeni ya masomo, mwenzangu mmoja alicheka. Akaniambia: «Weye utaongea nini? Kwetu Kongo serikali haikopeshi mwanafunzi. Ile ni mambo ya Kenya na ya Wazungu.» Ni kweli, huku hakuna ofisi ambapo mwanafunzi anapanga mstari na kupewa mkopo wa serikali. Lakini ngoja niwaulize. Nani hapa alimaliza iniversite bila familia yake kubaki na deni hata moja? Ainue mkono.

Naona mikono miwili. Hao wawili watatununulia soda tukimaliza.

Sasa mmeona. Deni liko. Tofauti na jirani ni kwamba deni letu halina jina wala karatasi. Liko ku kooperative, liko ku kikundi cha akiba cha wamama, liko kwa mfanyabiashara aliyetoa avansi, liko kwa yule tunamwita Banki Lambert, liko ku kaisa ya shule. Na kwa sababu halina jina, hatuliongelei. Kila mutu anafikiri ni haya ya nyumba yake peke yake. Leo ninataka tuliongelee, na nitaanza na la kwetu.

Deni la kwetu

Papa alikuwa na shamba la kakao upande wa Beni. Nilipoingia iniversite kusomea maendeleo ya vijijini, alienda kwa mfanyabiashara wa kakao, akachukua avansi ya dola 400. Mapatano yalikuwa kwa mdomo: tutalipa na kakao. Mwaka wa kwanza na wa pili tulilipa vizuri, deni likashuka mpaka dola 150. Kisha mauaji, yale yaliyoanza kuchinja eneo la Beni tangu 2014, yakafika ku njia ya shamba letu. Tulikimbia. Kakao ilibaki ku miti, mwingine akaivuna, na deni likaja pamoja nasi Butembo. Deni linajua kukimbia kuliko sisi.

Mama akaanza kuuza mafuta ya mawese na maharagi. Akaingia ku kikundi cha akiba, akakopa dola 150 nimalize mwaka wa mwisho. Nilitetea kazi yangu, watu wakapiga makofi, wakanimwagia poda. Siku tatu nyuma ya sherehe nikaenda kuomba diploma yangu. Wakafungua daftari, wakaniambia: «Bado uko na deni la dola 240. Lipa, ndipo tuongee.»

Mnajua wimbo huu. Kazi inaomba diploma. Diploma inaomba makuta. Makuta inaomba kazi. Nilizunguka mule ndani mwaka mzima.

Lakini kilichonivunja moyo si diploma. Ni kuona mama ameacha kwenda ku mkutano wa kikundi siku ya Jumamosi. Alikuwa anasema kichwa kinamuuma. Kila Jumamosi kichwa. Nikaelewa kwamba anaogopa macho ya wenzake, kwa sababu makuta aliyokopa ni yao, ni akiba ya muuza chumvi na muuza ndizi, na Desemba wakati wa kugawana ilikuwa inakaribia. Mama yangu alikuwa anajificha kwa sababu ya minervali yangu, na mimi nilikuwa nimekaa nyumbani naye, hakuna aliyesema neno.

Haikuwa hivi siku zote

Vijana, muulize wakoko. Kulikuwa wakati ambapo mwanafunzi wa Kongo alipokea bursi kutoka kwa serikali. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium, kule Kinshasa, waliingia barabarani, na kati ya mambo waliyodai ilikuwa ni kuongezewa bursi. Askari waliwafyatulia risasi, wengine walikufa. Mwaka 1971 utawala wa Mobutu ukaunganisha iniversite zote kuwa moja, ishikwe vizuri mkononi. Kisha uchumi ukaanguka, na kuanzia miaka ya 1990 mzazi njo alianza kubeba shule mgongoni: kulipa masomo ya mtoto na kulipa pia mwalimu ambaye serikali ilikuwa imemwacha.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilisema inaanza kutekeleza hilo. Vizuri. Lakini ngazi ya juu ilibaki ku mgongo wa mama muuza mawese. Ninasema haya ili mzazi yeyote hapa asijione kama mtu aliyeshindwa. Mzigo uliwekwa juu yako na watu walioutua kutoka kwao.

Maswali mnayouliza kila siku

Nimekusanya maswali tunayosikia mara nyingi. Nitajibu yale ninayojua.

*Riba ya Banki Lambert inanimaliza namna gani, na mimi ninalipa kila mwezi?*

Tuhesabu pamoja. Unakopa dola 100, mapatano ni kurudisha 150 mwezi ujao. Mwezi unafika, uko na 50 tu. Unatoa zile 50, anasema asante, hiyo ni faida yangu, zile 100 bado ziko. Mwezi wa pili 50, wa tatu 50, wa ine 50. Umelipa dola 200 kwa deni la 100, na bado uko na deni la 100. Haupunguzi deni, unalilisha. Kwa hiyo mbele ya kukopa, swali la kwanza si «nitapata ngapi?» bali «nikitoa 50, deni linashuka au linabaki?» Kama jibu ni linabaki, simama, rudi nyumbani. Na mjue kwamba sheria ya makosa ya Kongo inamwadhibu anayetumia shida ya mwenzake kumtoza riba iliyopita kiasi. Wengi wetu hatujui, na mkopeshaji anapenda tusijue.

*Polisi wanaweza kunitia ku kasho kwa sababu sijalipa deni?*

Hapa sikilizeni vizuri. Deni ni jambo kati ya watu wawili, linaamuliwa na korti ya mambo ya kiraia. Kushindwa kulipa peke yake si kosa la jela. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, kifungu cha 11, unasema hakuna mtu atakayefungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Nchi yetu iliuingia mwaka 1976, na kifungu cha 215 cha Katiba kinaweka mikataba ya namna hiyo juu ya sheria zetu za kawaida. Lakini kila mmoja hapa anamjua mtu aliyelala kasho kwa deni la dola 60, akatoka kwa kulipa «faini» ambayo haikufika kwa aliyemkopesha. Ule si usalama, ni biashara. Ukiitwa, usikimbie. Nenda na mtu mwingine, uliza unashitakiwa kosa gani, omba jina la kosa liandikwe. Na mpigie simu mtu wa harakati, tutakuja kukaa pale kwa amani mpaka jibu litoke.

Ila angalisho: ukidanganya ili upewe makuta, au ukitoa sheki isiyo na kitu ndani, hapo umeingia ku makosa ya kweli. Na usitie sahihi karatasi tupu. Kama umekopa, karatasi iandike «nimekopa», isiandike «nimepewa kutunza». Maneno hayo mawili hayana mzigo mmoja mbele ya mwamuzi. Kadi yako ya banki usimwachie mtu. Nimemwona mwalimu aliyeacha kadi kwa mkopeshaji: mshahara wake yeye alikuwa anausikia tu kwa habari.

*Shule imeshika diploma yangu. Nifanye nini?*

Mimi nilifanya kosa la kukaa nyumbani na hasira. Mwenzangu mmoja akaniambia: «Bordero zako ziko wapi?» Nikatafuta ku sanduku la mama. Mama hatupi karatasi, hata ile asiyoweza kuisoma. Nikapata bordero zote, nikaandika barua kuomba hesabu yangu kwa maandishi. Walipolinganisha, malipo ya dola 50 yalikuwa hayakuingizwa ku daftari lao. Deni likashuka kutoka 240 mpaka 190. Sikuvunja kioo, sikutukana mtu. Karatasi ya mama iliongea. Kwa hiyo chungeni kila bordero, kila resi. Ukilipa mkononi bila resi, hesabu kwamba haujalipa.

Na siku ya pili rudini na mapendekezo ya maandishi: nitalipa kiasi hiki kila mwezi, na mnipe hata karatasi ya kuonyesha kwamba nimemaliza. Mimi walikataa mara ya kwanza. Tuliporudi watu kumi na mmoja wenye shida ile ile, na barua kumi na moja, wakatupa kiti cha kukaa. Wakatupa karatasi ya kumaliza masomo, diploma yenyewe itafuata malipo. Si ushindi mkubwa. Lakini na karatasi ile ninaweza kuomba kazi.

*Nikikosa kazi, deni ni la mzazi au ni langu?*

Kwa sheria, deni linamfuata aliyetia sahihi. Kwa maisha, sote tunajua. Hapa lazima niseme jambo moja la aibu. Mwaka wa pili nilimwambia papa kwamba minervali imeongezeka dola 15. Haikuongezeka. Nilitaka simu. Najua siko peke yangu, nawaona mnavyotazama chini. Wandugu, tunashitaki serikali kwa kukosa uwazi, na ni haki yetu. Lakini mule ndani ya deni la dola 150 lililobaki kwa mfanyabiashara, dola 15 ni zangu, ni za simu iliyoibiwa ku basi miezi sita nyuma. Nilimwambia papa mwaka huu. Alinyamaza, kisha akasema: «Nilijua. Mwenzako alinionyesha karatasi yake.» Uwazi uanzie ku meza yetu.

Je, tudai mikopo kama kwa majirani?

Vijana wengi wanasema serikali ituletee mikopo na shida itaisha. Tutazame wale waliotangulia. Kenya wako na bodi yao ya mikopo kwa sheria ya 1995, riba ni 4% kwa mwaka. Tanzania waliweka bodi kwa sheria ya 2004, na leo mwenye mshahara anakatwa 15% ya mshahara wake mpaka amalize. Walikuwa wakiongezewa pia 6% kila mwaka kulinda thamani ya deni, mpaka serikali ilipoiondoa mwaka 2021, kwa sababu watu walikuwa wanalipa na deni linapanda. Ulinganishe 4% kwa mwaka na 50% kwa mwezi ya huku kwetu. Kweli, watoto wa maskini wengi wamesoma kwa njia ile.

Lakini angalieni neno hili: 15% ya mshahara. Mshahara gani? Huku kwetu mwenye diploma anauza unite za simu, anaendesha mota ya mtu, anangojea. Mkopo wa serikali juu ya mtu asiye na kazi ni Banki Lambert yenye bendera. Kwa hiyo tukidai, tudai tukiwa na akili. Kwanza bursi kwa waliokimbia vita na kwa yatima, kwa sababu shamba ambalo halifikiki haliwezi kuwa garanti. Kisha, kama ni mkopo, uwe mkopo unaolala wakati mkopaji hana kazi, unaoamka akipata mshahara, na usioongezeka wakati amelala. Na majina ya waliopewa yabandikwe ku mlango, kila mtu asome, tusije kuona watoto wa wakubwa wakisoma na sehemu ya mayatima.

Tunachodai

Kwa shule za juu zote, za serikali na za watu binafsi: bei yote ya mwaka ibandikwe mbele ya masomo kuanza, na isiguswe tena mpaka mwaka uishe. Kila malipo yapate resi. Na anayemaliza akiwa na deni apewe mapatano ya maandishi ya kulipa pole pole, pamoja na karatasi inayomwezesha kutafuta kazi. Mutu unayemnyima njia ya kupata makuta, utalipwa na nini?

Kwa polisi na waendesha mashitaka: kasho si ofisi ya kukusanya madeni.

Kwa wizara ya elimu ya juu na wabunge wetu: sheria ya bursi na mikopo ijadiliwe mbele yetu, si nyuma ya pazia. Tutakuja kusikiliza, tutakuja na kalamu.

Na kwetu sisi wenyewe: tuandike. Wiki hii, kila mmoja achukue daftari, akae na wazazi wake, aandike deni lote la masomo yake. Nani anadai, kiasi gani, tangu lini, kilicholipwa, kilichobaki. Tutakutana tena hapa hapa na daftari zile. Haitahitajika kusoma majina. Tutajumlisha tu, ili tukienda kwa wabunge tusiseme «tunateseka», tuseme kiasi.

Jumamosi

Nimalizie na mama. Nilipoona kichwa kinamuuma kila Jumamosi, nikaenda mimi ku mkutano wa kikundi. Wamama ishirini na kitu, sanduku katikati na kufuli zake tatu, na mimi mwanaume peke yangu mwenye diploma isiyoonekana. Nikasema: deni lile ni minervali yangu, mama alikopa kwa ajili yangu, ninaomba liandikwe juu ya jina langu pia. Mama mmoja muuza chumvi akaniuliza: «Uko na nini kwa mwezi?» Nikajibu, ninauza unite, ninaweza kutoa dola 10. Wakaongea kwa muda, wengine walikasirika, na walikuwa na haki, kwa sababu mgawanyo wa Desemba ungepunguka. Mwisho wakakubali: dola 10 kila mwezi, na faida isimame ili deni lishuke kweli. Wakaandika. Nikatia sahihi chini ya alama ya kidole ya mama.

Jumamosi iliyofuata mama alivaa kikwembe chake na akaenda.

Leo nyumbani tuko na karatasi moja ku ukuta. Imeandikwa: mfanyabiashara wa kakao 150, kikundi cha wamama 150, shule 190. Jumla dola 490. Kila mwezi ninabadilisha namba ya kikundi, leo imefika 90. Chini kabisa niliandika mstari mwingine usiokuwa na namba: yaya. Yaya wangu aliacha shule ili makuta ya wawili isomeshe mmoja. Yeye hajanidai hata siku moja. Anataka kujifunza kushona. Zile tatu zikiisha, mstari ule ndio unafuata, na namba yake nitaiandika mimi.

Tusione haya juu ya deni la masomo. Haya iwe ya yule aliyeliacha juu ya wazazi wetu, na ya yule anayelifanyia biashara. Sisi tuandike, tuhesabu, tudai, tulipe kilicho chetu.

Wale wawili wa soda, tunawangojea ku mlango.